Ramu Niliyoichanganya kwa Pua

Abdu alizikwa mwezi uliopita hapa Mahajanga, pwani ya Madagaska. Nilikwenda matangani kwa sababu mbili: watoto wa mke wake wa pili hawajanikosea kitu, na nilitaka kuhakikisha kwamba kweli amekufa. Nilikaa mkeka wa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mahali wanapowekwa watu ambao wenye msiba hawajui wawaweke wapi, maana mtalaka aliyeachwa miaka hamsini na kitu iliyopita si mfiwa na si mgeni. Wanawake walikuwa wakimsifu. Mtu wa swala. Mtu wa neno moja. Nikavumilia. Kisha jirani yake mmoja, mama mnene ambaye mnong'ono wake husikika mpaka barabarani, akasema, "Na pua aliyokuwa nayo marehemu, mashallah! Akiingia uani tu, anakwambia leo kumepikwa nini." Hapo nikacheka. Nilijificha ndani ya mtandio lakini mabega yalinisaliti, wakadhani nalia, wakaniletea maji na kunipapasa mgongo. Nikayanywa yale maji huku nikisema moyoni: kumbe uliendelea, Abdu. Miaka yote hiyo ukichungulia dirisha la jiko kwanza, ndipo unaingia kujifanya umenusa.

Shehe alituomba tumtolee marehemu radhi zetu. Wenzangu waliitikia, mimi nilifunga mdomo, na Mungu aliniona. Haya ninayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mwaka wa kisa hiki kwetu ilikuwa imebaki maneno ya dini, ya biashara na ya bahari tu. Nyumbani tulisema Kingazija cha wazee wetu wa Komoro, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa tulikivunjavunja kila kilipohitajika. Kiswahili nilikipata baadaye, Unguja, kwa mume wa pili aliyenifaa zaidi. Nakitumia hapa kwa sababu Abdu hakukijua. Sitaki aelewe hata neno moja, hata huko aliko.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera ya Wafaransa ishushwe na mpya ipandishwe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mke wa Abdu kwa mwaka mmoja, nami nikiishi kisiwa cha Nosy Be, katika nyumba ya mbao njia ya kwenda Marodoka ambayo haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mfaransa mmoja, mkuu wa ghala la ramu, ile pombe ya miwa, katika kiwanda cha sukari alikofanya kazi Abdu. Mzungu yule, au vazaha kama wasemavyo huko, aliamua kwamba nchi yenye bendera yake haimfai, akafunga masanduku, akamwachia Abdu funguo zote pamoja na chumba cha nyuma. Kile chumba nakiona mpaka leo. Dirisha moja lililobanwa na mti wa mlangilangi, rafu tatu za mbao nyekundu, na juu ya rafu madumu makubwa ya kioo yaliyosukiwa ukindu, kila moja na karatasi shingoni: ramu ya miaka miwili, ya miaka sita, ya miaka kumi na moja. Chini kabisa palikuwa na kipipa kidogo cha mwaloni ambacho karatasi yake ililiwa na mende, umri wake haujulikani. Ukuta mmoja ulikitenga chumba hicho na jiko langu. Upande wa pili wa jiko ndipo nilipotandika msala.

Kitu kimoja tu nilikitaka mwaka ule, na ni vizuri nikiseme mapema. Mama yangu, kule Mahajanga, ndiye aliyekuwa akichanganya manukato ya maharusi: liwa ya msandali ya kusingia mwili, unga wa tibu, mafuta ya udi, maua. Katika ukoo wetu, anayemchanganyia bibi harusi wa mwisho wa nyumba ndiye anayerithi jiwe la kusagia liwa, na tangu hapo mji wote ukitaka kuozesha unamwita yeye. Bibi harusi wetu wa mwisho alikuwa mdogo wangu Zaina, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mvua. Nilikuwa nimekaa miguuni pa mama tangu sijaota meno ya utu uzima. Hakuwahi kunisifu. Akiridhika alinipokonya bakuli na kuendelea na kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yangu. Nililitaka lile jiwe kuliko nilivyotaka mtoto, na nilijua kwamba ni aibu kusema hivyo, kwa hiyo sikusema.

Abdu alitaka kuitwa bwana. Aliona vazaha wanaondoka na wenye hoteli wanabaki bila wa kuwatengenezea ramu nzuri, akajiona yeye. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mchana wa Ijumaa, nawaambia, huku kanzu ya msikitini haijapoa mgongoni, alikuja rafiki yake Gaston, Mkreoli wa Reunion, fundi wa mapipa kiwandani, wakajifungia chumba cha nyuma na kuchanganya. Kipimo chao kilikuwa chupa ya kunyonyeshea mtoto. Mama yake Abdu alikuwa ameniletea chupa hiyo kama ukumbusho, kila akija aliuliza kama bado ni mpya. Ina mistari ubavuni, inapima vizuri. Siku niliyoiona imejaa ramu ya miaka sita nilitaka kupiga kelele, kisha nikafikiri, angalau sasa ina kazi.

Kwa haki yake niseme kwamba Abdu hakunywa. Sijui ulikuwa ucha Mungu au vipi, lakini mtu asiye na pua atanywa ili apate nini? Alikuwa hana. Kabla ya ghala alifanya kazi miaka minne kwenye matangi ambako sukari hung'arishwa kwa moshi wa salfa, na ule moshi uliikausha pua yake ikabaki ya kuwekea miwani. Niligundua mwezi wa tatu wa ndoa. Niliacha wali motoni nikaenda kisimani, nikarudi nyumba imejaa moshi na harufu ya kuungua, naye amekaa hatua tatu kutoka jikoni, anasoma gazeti la zamani. "Hukusikia harufu?" nilimwuliza. Akainua macho, akautazama uso wangu kwanza, kisha moshi. "Nilidhani unapenda ukoko," akasema. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na wala hakunishukuru kwa kulinda siri. Mtu asiye na pua alikuwa akijiandaa kuwa fundi wa ramu, Gaston naye alikuwa na ulimi lakini baada ya kikombe cha tatu ulimi ule ulisifu kila kitu, hata maji ya kuoshea faneli.

Ijumaa moja nilikuwa nachambua samaki, na harufu ikapenya kati ya mbao za ukuta. Nzito, tamu, imekaa kifuani, haina mlango wa kutokea. Kosa nililijua mara moja kwa sababu ndilo kosa la mwanafunzi yeyote wa liwa: anaona udi ni ghali, anajaza udi, harusi inanuka msikiti. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, "Ya zamani imezidi." Abdu akaja mlangoni. "Wewe unajuaje?" Nikamwambia nzito inakaa chini, nyepesi inapanda juu, na ukizidisha nzito hakuna kitu kitakachopanda, watie ile ya miaka miwili kwa wingi, na ya kumi na moja iwe kama chumvi. Akaniangalia kama mtu aliyekuta hela kwenye kanzu ya mwaka jana. Tangu siku ile Ijumaa zangu zikawa zake.

Nilijitungia fatwa, nisidanganye. Nilijiambia sinywi, na marashi ya Kifaransa wanayojipaka masharifu kwenye maulidi yana pombe ndani yake, na hakuna aliyerudishwa mlangoni. Nilifanya kama mama alivyofanya na mafuta: tone moja kiganjani, nasugua, nasubiri ule ukali uruke, kisha nanusa kinachobaki. Halafu naosha mikono kwa sabuni na ndimu mpaka vidole vinakunjamana, natia udhu, nasali. Hakuna tone lililogusa ulimi wangu, mwaka ule wala baadaye. Na hapo ndipo nilipoanguka. Mchanganyiko wangu wa kwanza ulinukia kiasi kwamba Gaston alivua kofia kabla ya kuuonja. Akameza. Akakunja uso, akatema dirishani juu ya mlangilangi. "Madamu," akasema taratibu, maana alikuwa mtu wa adabu, "inanukia kama bibi harusi, lakini mdomoni ni sabuni." Nilikuwa nimechanganya kitu cha kujipaka. Sikuwahi kufikiria kwamba harufu inaweza kumezwa.

Abdu alitaka nionje. Aliniambia tone moja halina kitu, yeye ataibeba dhambi. Nilimwambia abebe kwanza zake. Badala yake nikamfundisha Gaston kusema. "Nzuri" na "mbaya" nilizipiga marufuku. Nilimwuliza kwa vyakula: inakausha ulimi kama bibo bichi? Inauma mbele ya mdomo au kooni? Ikishapita, inabaki nini, nazi iliyoungua au ukwaju? Maskini Gaston alifumba macho, akafikiri, akajibu, na nilimruhusu vikombe viwili tu, vidogo vya kahawa, kabla ya kumpa wali na mchuzi wa kamba. Tulifanya kazi hivyo miezi mitano. Nilijifunza kwamba maji ya mvua yaingizwe kidogo kidogo, siku baada ya siku, yakiingia kwa pamoja ramu inashtuka na kufifia. Nilijifunza kwamba ile ya kipipa kisicho na umri ukitia kijiko inakuwa ndefu mdomoni, ukitia viwili inakuwa mbao. Ulimi wake na pua yangu vilikaa meza moja na Abdu akakaa pembeni akiandika vipimo, na nasema bila aibu, kwa kuwa nimezeeka, kwamba hizo zilikuwa saa za furaha kuliko zote za ndoa ile, na Abdu hakuwa sababu hata kidogo.

Siku moja nilikuwa nakuna nazi na nikawasikia kupitia ukuta uleule. Gaston alikuwa akisema mchanganyiko wa mwisho ni kitu cha kuvulia kofia, na kwamba wampe Madamu heshima yake, wamtaje. Abdu akacheka. "Mke ni wa nini? Yule ni pua tu. Ukishapata pua, mengine yake huyahitaji." Nilikuna ile nazi mpaka nikakuna kifuu, chakula cha siku ile kilikuwa na uchanga wa kahawia, Abdu akala na kusema ni kitamu. Leo nikikumbuka najiuliza kwa nini sikukimwaga kile kipipa palepale. Jibu linaniudhi: kilikuwa kizuri. Nilimchukia mume nikaipenda kazi.

Mvua zilipokwisha tulivuka bahari mpaka Ankify, tukapanda lori la kwenda Mahajanga, siku tatu za vumbi. Madumu mawili ya ramu yetu yalisafiri ndani ya godoro nililokuwa nampelekea Zaina, yameshonewa katikati ya pamba. Ni wazo la Abdu. Nilishona mimi. Tulipofika kwa mama, Abdu alifumua godoro, akayapeleka madumu kwa Mgiriki mmoja mwenye hoteli ufukweni, akarudi kifua mbele. Hakunieleza kitu. Mimi sikujali sana, kwa kuwa siku ileile mama alinikabidhi jiwe, "Anza," akasema, nikakaa chini na kuanza kusaga. Chumba cha wanawake kilijaa shangazi na binamu, sinia za asumini, makaa ya udi, vicheko vya kumcheka Zaina aliyefungiwa ndani kama kuku wa sikukuu. Kwa siku tatu nilikuwa mahali pangu. Mama alipita nyuma yangu mara mbili, mara ya pili akanipokonya bakuli.

Siku ya nne alasiri mjomba, kaka yake mama, alikuja na uso wa mtu aliyetafuna shubiri. Hotelini kwa Mgiriki kulikuwa na mpishi, Bakari, anayesali naye msikiti mmoja. Bakari alikuwa amemsikia Mgiriki akimwita mkwe wetu "fundi wangu wa ramu" na kumpigapiga begani, naye Abdu akaitikia na kueleza jinsi alivyochanganya kwa pua yake mwenyewe. Wanaume walikuwa sebuleni, sisi nyuma ya pazia, na pazia halizuii maneno. Mjomba hakuzunguka. "Abdu, umeleta pombe nyumba ya harusi?" Nikaisikia sauti ya mume wangu, laini, imejaa huzuni. "Mjomba, mimi ni mtu wa swala. Anayechanganya ni mke wangu. Nimemkataza mpaka nimechoka. Nilimwambia Mgiriki ni mimi ili nimsitiri." Hivyo tu. Kwa Mgiriki kazi ilikuwa yake, kwa mjomba dhambi ilikuwa yangu, na ramu ni ileile.

Mjomba alicheka. "Mwanamke? Achanganye ramu? Tafuta uongo mwingine." Wazee wengine wakacheka naye, na nikaona mlango uko wazi mbele yangu. Hakuna aliyemwamini. Mama aliniinamia, pumzi yake masikioni mwangu, akasema, "Kanusha. Sema hapana, basi. Mimi nitaapa pamoja nawe." Mikono yangu ilikuwa juu ya jiwe, imejaa liwa. Neno moja na lile jiwe lilikuwa langu, Abdu angetupwa nje na kanzu yake, na mimi ningebaki. Lakini ningesema hapana, basi ile ramu ingekuwa yake milele. Angeshutumiwa kwa ajili yake, angetubu, lakini ingekuwa yake: miezi mitano, maji ya mvua, kijiko kimoja na si viwili. Sikuweza kumpa. Watu wameniambia ilikuwa ukweli ulionisukuma, wakanisifu kwa hilo. Haukuwa ukweli. Ilikuwa hasira, na uchoyo.

Nikafunua pazia. "Ni mimi," nikasema. "Sijaonja tone, naapa. Lakini nimechanganya mimi, kwa pua yangu. Huyu hana pua." Abdu akaruka. "Anasema nini huyu?" Nilikuwa nimebeba vikombe viwili vya kahawa kutoka meza ya wanawake, kimoja kina marashi ya mawaridi, kingine siki nyeupe ya achari. Nikaviweka mbele yake. "Mwambie mjomba kipi ni marashi." Abdu alichukua kimoja, akakileta puani, na kama kawaida yake akainua macho kusoma nyuso zetu. Hakuna uso uliomsaidia. Akakinusa tena kwa madaha, akatabasamu, "Haya si marashi haya?" Na ili kuonyesha kwamba hana wasiwasi, akamimina kiganjani, akajipaka kwenye ndevu, shingoni na kifuani kama afanyavyo mwanamume aliyealikwa. Sebule nzima ikanuka achari. Mzee mmoja alianza kucheka kwa pua, kisha wote, na mjomba akaondoka kwenda uani kwa sababu hakutaka tumwone. Abdu alisimama pale akitabasamu nao, hajui wanacheka nini. Nakiri kwamba hiyo ni picha ninayoitoa na kuitazama nikiwa na siku mbaya.

Talaka niliipata kabla ya magharibi, na hiyo haikuniuma. Niligeuka nirudi nyuma ya pazia, kwenye kazi yangu. Mama alikuwa amekwisha kukaa mahali pangu. Jiwe lilikuwa mapajani mwake na alikuwa akilifuta kwa kitambaa chenye maji, polepole, kila pembe. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akanusa kiganja changu kwa muda mrefu. Sijui alisikia nini pale zaidi ya liwa. Nilikuwa nimeosha kwa ndimu kwa miezi mitano. "Mkono wako ni mzuri," akasema. Katika maisha yake yote ndiyo sifa pekee aliyonipa. "Hautagusa mwili wa mwanangu." Akamwita binamu yetu Nuru, msichana mwema asiye na kosa lolote wala kipaji chochote, akamkabidhi jiwe mbele ya wanawake wote. Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu nikakosa.

Nuru alizidisha karafuu. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hushika kile anachokijua. Siku ya kumtoa bibi harusi, Zaina aliingia chumbani amezungukwa na ngoma na vigelegele, mzuri kuliko nilivyowahi kumwona, na mbele yake ikatangulia harufu ya duka la viungo. Wageni hawakugundua, au waligundua wakafikiri ndio mtindo mpya. Mama aligundua. Nilimwona ng'ambo ya chumba pua yake ikitikisika, kisha macho yake yakaja moja kwa moja kwangu. Wote wawili tulijua dawa: mafuta ya mlangilangi kidogo nyuma ya masikio, kidogo kwenye nywele, dakika mbili. Chupa ilikuwa kwenye sinia mbele yangu. Angenikonyeza tu ningenyanyuka. Mimi ningenyanyuka tu asingenizuia. Yeye hakukonyeza na mimi sikunyanyuka, na tulitazamana hivyo mpaka Zaina akanifikia. Akainama kunibusu mkono kama dada mkubwa, na chini ya kelele akaninong'oneza, "Dada, wewe ndiye unayejua. Nanukiaje?" Nikamwambia ananukia vizuri sana, nikamtengenezea shela lake begani, nikampisha apite.